Springi za Viazi

Kabla sijagusa spana nilimwuliza, "Una kilo ngapi?"
Ambokile akacheka. Wanaume hawazoei kuulizwa hivyo, tena na mwanamke mwenye grisi mpaka viwikoni.
Nikampandisha kwenye mizani ya mahindi ya Mama Tumpe
na viatu, na helmeti, na jaketi la baba yake:
sitini na moja na nusu.
Nikaandika kwenye daftari la gereji
chini ya deni la mtu wa Igurusi.

Pikipiki hii ni ya Isongole.
Miaka minne imeshusha viazi hadi Uyole,
magunia mawili, lumbesa,
na siku nyingine mwenye viazi juu yake.
Springi zake tulizikaza wenyewe,
mimi na marehemu kaka, kwa nyundo na matusi,
zisimwinamie mtu yeyote.
Leo anataka kushindana Jumapili
juu ya springi zisizojua
mtu mmoja ana uzito gani.

Nikafungua shokapu za mbele.
Ikatoka oili nyeusi, inanuka samaki waliosahauliwa,
na ndani yake vumbi la Uporoto
lililosagwa likawa uji.
Nikakata bomba la maji, vidole viwili,
nikalipiga faili mpaka likasimama wima mezani,
nikalikalisha juu ya springi laini
za fundi mmoja wa Mwanjelwa aliyeapa zimetoka Japani.
Hazikutoka Japani. Lakini zinapumua.
Za nyuma, jozi, nilizitoa kwenye pikipiki ya misheni
iliyofia Rungwe: zina kirungu cha kuzungusha,
kinalia kli, kama ulimi wa mtu anayekataa.

"Panda. Miguu juu. Usicheke."
Futi ya fundi cherehani, kutoka ekseli hadi tandiko.
Vidole vitatu ishuke, si viwili, si vinne.

Ikiwa ngumu itadunda,
na tairi lililo hewani halina la kusema kuhusu kona.
Ikiwa laini itapiga magoti kwenye bonde la kwanza,
bonde la pili litaikuta bado inasali.
Nenda mpaka kanisani, zunguka, rudi.
"Inanipiga kiuno."
Kli.
Nenda tena.
"Sasa inanirusha, kama punda."
Kli. Kli.
Nenda.
Safari hii alirudi kimya, akazima injini,
akabaki amekaa.

Alfajiri ya Jumapili, Juni, nyasi nyeupe kwa baridi,
nikabonyeza tandiko: zito kama mlango wa benki.
Oili ilikuwa imelala, imeganda kama asali.
Ambokile akataka nilegeze.
Nikaficha bisibisi mfukoni.
Mbio ni saa nane. Ngoja jua.

Nyuma ya machimbo ya kokoto watu walitazama helmeti,
walipiga kelele majina.
Mimi nilitazama pengo
kati ya tairi na madigadi:
likifumba, likifumbua, kope ya mtu aliye macho.
Kwenye mashimo ya chini, pale walipoangukia wawili,
kope ile ilipepesa mara nne, haraka,
na tairi halikuachana na ardhi hata mara moja.
Nadhani nililia. Vumbi lilikuwa jingi.

Alikuwa wa tano kati ya kumi na wanne.
Alikuja meno mekundu.
Sikumwuliza habari ya zawadi.
"Mashimo ya chini?"
"Mashimo gani?" akasema.

Jumatatu saa moja alikuwa mlangoni.
"Dada Subilaga, nirudishie zile ngumu.
Magunia yanangoja Isongole."
Nikazirudisha. Nyundo ileile.
Matusi nilitukana peke yangu.

Zile laini ziko kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda,
zimefungwa kitenge, zimepakwa oili.
Kwenye kirungu nimetia alama kwa rangi ya kucha.
Na kwenye daftari, chini ya mtu wa Igurusi
ambaye bado hajalipa:
61½. Vidole vitatu. Nyuma, kliki tatu.
Usiguse kabla ya jua.